Laptopu Isiyoweza Kusafiri

Chumba cha Ushonaji,
Nyuma ya Tanuri la Mikate,
S.L.P. 417.
11 Februari

Mpendwa Dada,

Pokea salamu zangu, bado zina moto kama pasi niliyoiweka pembeni ili nikuandikie. Hujambo? Shemeji je, mgongo umepata nafuu au bado anausingizia ili asibebe ndoo? Na wapwa zangu, wakubwa kwa wadogo, wote wazima? Usinijibu kwa mkato. Nataka habari za kila mmoja, hata za yule mtundu aliyevunja kioo cha jirani.

Mimi sijambo kiasi. Goti la kulia, lile la kukanyagia cherehani, linanidai umri wangu kila nikipanda ngazi. Macho nayo yananifanyia mzaha. Kutunga uzi kwenye sindano kumekuwa kazi ya kulamba, kulenga na kukosa, na nikikosa mara tatu huwa nanyanyua kichwa kumwita binti yangu. Kisha nakumbuka kwamba hayupo, nalenga tena.

Najua utasema mbona sikupiga simu. Dada, kwenye simu mimi huwa nasema tuko salama, halafu naishiwa maneno, tunabaki tunasikilizana tunavyopumua. Leo nina la kukueleza ambalo linanitia haya, na haya hupungua nikiandika kuliko nikisema. Soma ukiwa umekaa. Ukimaliza kunikemea, nihurumie kidogo.

Unakumbuka nilikwambia kwamba Chiriku wetu amepata nafasi katika ile shule ya bweni ya mbali, ya miaka miwili. Ulipiga vigelegele hadi nikaiondoa simu sikioni. Nilicheka nawe. Sikukwambia kwamba baada ya hapo niliketi kwenye kigoda changu nikishika gauni la mteja bila kushona hata mshono mmoja. Tangu wifi yako atangulie mbele ya haki, nyumba hii imekuwa na sauti mbili tu, ya cherehani na ya Chiriku, na cherehani haiulizi maswali.

Shule ilituletea barua. Kila mwanafunzi aje na laptopu yake. Waliandika wazi kabisa: iwe nyepesi, maana wanafunzi wanahama jengo hadi jengo siku nzima, na betri yake iweze kukaa na chaji saa nyingi, kwa kuwa madawati hayana umeme na soketi ziko chache ukutani. Niliisoma mara mbili. Nikaikunja, nikaiweka kwenye droo ya vifungo.

Basi mwanzoni mwa Desemba nikaenda dukani peke yangu, futi ya kupimia ikining'inia shingoni kwa kusahau. Mwenye duka ni mama mmoja wa makamo, miwani yake imefungwa kwa uzi, mkali kama mwalimu wa hesabu. Alianza kunieleza habari za memori na diski, nami nikawa naitikia kwa kichwa kama mtu anayeelewa. Alipogeuka nilifanya ninayoyajua. Nilifungua na kufunga kila laptopu mara kumi, kama ninavyojaribu zipu. Nilibonyeza herufi zote kuona kama kuna inayokwama. Nilipima upana kwa futi. Yule mama akaniuliza kama nataka kuishonea suruali.

Zilibaki mbili, bei yake sawasawa. Moja ilikuwa nyembamba, nyepesi, inakaa na chaji saa nane. Ya pili ilikuwa kubwa, ina skrini pana ya kupendeza, lakini nzito kama pasi ya mkaa, na betri yake ilikuwa imechoka. Mama hakunificha kitu. Alisema ile kubwa ukiichomoa kwenye umeme haimalizi hata nusu saa, ni ya kukaa mezani. Akaniuliza, "Huyo mtoto ataitumia wapi, fundi?"

Nikasema, "Nyumbani."

Dada, hakuna aliyenilazimisha. Neno lilitoka lenyewe, na lilipotoka sikulirudisha. Unaijua nyumba yetu. Chumba cha Chiriku kina taa tu. Soketi ni moja, sebuleni, karibu na cherehani yangu, kama hatua mbili kutoka kwenye kigoda. Nilikuwa na langu moyoni. Nikabeba ile kubwa.

Chiriku alipoiona aliruka, akanikumbatia, akasema "Asante, baba" mara nne. Nilimwambia nimechagua skrini pana kwa ajili ya macho yake. Akaniangalia kidogo. Akauliza mwenye duka alisemaje kuhusu betri, nami nikajitia hamnazo, nikamwambia betri ni betri.

Ninakuapia, wiki zilizofuata zilikuwa tamu kuliko zote tangu msiba. Kila alasiri alivuta stuli, akachomeka waya, akakaa karibu yangu. Mimi nashona sare za shule, yeye anabonyeza. Alinifundisha kuandika jina langu kwa herufi kubwa na ndogo. Alinichorea mpangilio wa kukata shati, kwenye skrini, nikamsahihisha kwapa. Tulibishana, tukacheka. Nikaanza kujidanganya kwamba labda ataona shule ya hapa karibu inatosha. Sikumwambia, lakini nilikuwa nikilisubiri neno hilo kila siku kama anayesubiri mteja aliyechelewa.

Halafu akaja jirani yetu seremala kuchukua suruali yake iliyopunguzwa kiuno. Akauliza, "Fundi, ule waya ulimfaa binti?"

"Waya gani?"

"Ekstensheni yangu ya zamani. Alikuja kuniomba. Nikamwambia ni fupi, akaniomba na kipande kingine, tukaunganisha. Ana akili huyo mtoto wako. Alisema ni wa shuleni."

Nilimpa suruali yake. Alipoondoka nikaingia chumbani kwa Chiriku, jambo ambalo sifanyi bila kubisha hodi. Sanduku lake lilikuwa wazi, nguo zimepangwa. Katikati ya sweta mbili kulikuwa na ule waya, umeviringishwa vizuri, umefungwa kwa utepe wa kitambaa kilichobaki kwangu.

Aliporudi nilimuuliza wa nini. Hakuona aibu wala hakukasirika. Alinijibu kama mtu aliyekwisha kulipigia hesabu jambo lake, "Nitakaa karibu na ukuta, baba. Nimeuliza, kuna soketi mbili nyuma ya darasa. Na ule waya ukifika hata kwenye kona itakuwa sawa tu."

Dada, nilitoka nje nikasimama upande wa tanuri, mahali ambapo mtu anaweza kusingizia moshi. Nilimwona akilini mwanangu, miaka miwili nyuma ya darasa, peke yake, amefungwa ukutani kwa waya, wenzake wakihama jengo kwa vicheko naye akiviringisha ekstensheni. Mimi najua kukaa peke yangu kunavyouma. Najua kunavyoanza asubuhi, unapotia maji ya chai ya watu wawili. Nilichokuwa nimemnunulia mwanangu kilikuwa upweke wangu mwenyewe, nikaufungashia kisingizio cha kuyajali macho yake.

Kesho yake duka lilipofunguliwa nilikuwa mlangoni, ile laptopu kifuani. Mama wa miwani akaitazama, akasema, "Nilikuambia, baba." Nikamweleza ukweli wote, kaunta ikiwa kati yetu, na wateja wawili wanasikiliza. Shule ni ya mbali. Mtoto anaondoka. Mimi ndiye nisiyetaka aondoke. Alivaa miwani yake akajifanya anasoma risiti. Kisha akasema atanibadilishia.

Tatizo, ile nyembamba ilikuwa imekwisha nunuliwa. Kulikuwa na nyingine, ndogo, ya kijivu, haina mvuto, na mfuniko wake una mkwaruzo mrefu kama mstari wa chaki. Akasema betri yake ni nzuri. Nikamwambia safari hii sitaamini neno la mtu, la kwake wala la kwangu. Tukaiwasha, tukaichomoa kwenye umeme, nikaketi nayo kwenye stuli kuangalia ile asilimia ya chaji ikishuka.

Nilikaa pale kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa tisa alasiri. Cheka tu, hata mimi ningecheka. Wateja waliingia na kutoka wakidhani mimi ni mlinzi. Mikono yangu haijazoea kukaa bure, kwa hiyo nikaomba sindano, nikapinda upya pazia la mlangoni lililokuwa likiburuzika. Mama akaniletea chai. Saa saba nilipoona bado iko zaidi ya nusu, nikaitia kwenye mkoba wa shule wa Chiriku niliokuja nao, nikatembea barabara nzima kwenda na kurudi, nijue begani inakaaje. Haikunielemea. Saa tisa ilikuwa bado inawaka, nami nikaibeba nyumbani.

Nilimkabidhi Chiriku kabla sijavua viatu. Nilijikaza nikamwambia, "Ile ya kwanza nilijinunulia mimi, mwanangu. Hii ndiyo yako."

"Najua, baba," akasema.

Hayo tu. Kisha akauliza chaja iko wapi.

Sikumuuliza alijua tangu lini. Naogopa alijua tangu siku ile ya skrini pana, na bado alivuta stuli kila alasiri akakaa nami. Mtoto wa miaka kumi na sita ananitunzia siri yangu mwenyewe! Ule waya aliurudisha kwa seremala siku hiyohiyo, na alasiri akakaa mlangoni na laptopu yake mapajani, kwenye upepo. Kigoda changu kilikuwa hatua kumi kutoka pale alipokuwa. Nilizihesabu.

Aliondoka wiki ya pili ya Januari. Nilimsindikiza, nikambebea sanduku, nikamwambia ale vizuri, nikarudi. Stuli yake sijaiondoa. Wateja wanaweka mikoba yao juu yake nami nawaambia waiweke chini, halafu nakosa sababu ya kuwapa.

Tulipatana awe ananipigia kila Jumapili saa kumi jioni. Jumapili tatu za kwanza hakukosa hata dakika. Sauti ilikuwa chini, majibu mafupi. Alisema anakula peke yake, majengo bado yanamchanganya, anakumbuka nyumbani. Nilimpa moyo, nikamwambia avumilie. Lakini nikwambie lililo kweli kwa kuwa wewe ndiye uliyenilea: kila alipolalamika, pembe moja ya moyo wangu ilifurahi. Nilikata simu nikijichukia, nikaanza palepale kuisubiri Jumapili nyingine.

Jumapili hii iliyopita nilivaa shati safi, sijui kwa nini, simu haina macho. Niliiweka juu ya cherehani, chaji imejaa. Saa kumi ikapita. Kumi na moja ikapita. Nilisikia waoka mikate wakifunga milango yao, na simu iko kimya. Nilifikiria ugonjwa, nikafikiria ajali, nikafikiria ile betri niliyoikalia siku nzima, kana kwamba laptopu ndiyo inayopiga simu. Sikumpigia. Nilitaka anikumbuke mwenyewe.

Alipiga jana mchana, anahema, kelele nyuma yake kama za sokoni. "Baba, nisamehe, yaani nilisahau kabisa! Tulikuwa nje kwenye nyasi, mimi na wenzangu watatu, kila mtu na laptopu yake, tunatengeneza kazi ya kikundi. Tulicheka mpaka mmoja akadondosha yake. Jua likazama hatuna habari." Alikuwa anaongea haraka, anarukia jambo hili na lile, anauliza na kujijibu. Dada, ni Chiriku yule wa zamani, wa kabla ya msiba. Sikuwa nimeisikia sauti hiyo miaka minne.

Nikubalie nikusumbue kwa jambo moja. Juma lijalo mpigie Chiriku. Mwambie shangazi anampenda, na baba yake ana kazi hadi shingoni, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nilimwambia asijali, nami pia Jumapili nilisahau, wateja walinizonga.

Nisalimie shemeji na mgongo wake. Wapwa zangu wote wasalimie mmoja mmoja, usiwajumlishe. Jirani yangu seremala anakusalimu, anasema bado anakumbuka ulivyomgombeza kwa ajili ya mlango. Mungu akulinde huko uliko, akupe afya na watu wa kula nao.

Dada, Jumapili ile sikuwa na mteja hata mmoja.

Ni mimi mdogo wako wa siku zote, nikupendaye,
Fundi