Mkate wa Kengele Umenitenga na Wenzangu

Kwako Mama Lusweti wa ukurasa wa ushauri,

Salamu nyingi, na tafadhali usinicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu nimeshindwa kujua mwenye makosa ni mimi, ni mume wangu, au ni hawa akina mama ambao tumeishi nao hapa Kawangware kama watu wa nyumba moja, na sasa wakipita mbele ya kibanda changu cha chai wanaangalia ng'ambo ya barabara.

Kwetu ni Machakos, na mume wangu Wambua ni mwokaji katika kiwanda kimoja cha mikate huko Eneo la Viwanda, ambacho sikitaji jina gazeti lako lisije likaletewa matata, ila sisi mikate yake tunaiita ya kengele, kwa kuwa yale mabati ya kuokea yamechorwa kengele kwa ndani, na kila mkate ukitoka unakuwa na kengele kwenye kitako chake. Sasa mkurugenzi wa kiwanda hicho alisimama kwenye mkutano wa wafanyabiashara akasema kwamba mtu wa kupanga chumba Kawangware au Kibera ni mpita njia, leo yuko hapa na kesho yuko kwao Kitui, kwa hivyo uchaguzi wa diwani uachiwe wenye ploti peke yao. Tulisikia redioni. Mama Lusweti, mimi nimezalia watoto watatu hapa, na maneno hayo yaliniuma sana.

Kikundi chetu cha akina mama wa kanisa kilikutana, na mwenyekiti wetu Wangoi, ambaye ndiye mwenye ploti tunayopanga, kwa hivyo kura yake haikuguswa hata kidogo, ndiye aliyekasirika kutupita sisi sote, akasema tangu leo mkate wa kengele hauingii katika nyumba ya mwanachama, na tuliokubali tuinue mikono. Nikainua wangu, huku najua kwamba kila Jumamosi waokaji wanapewa mkate mmoja mmoja wa kupeleka nyumbani, na kwamba mkono huo huo ndio utakaoupokea. Pale kibandani niliacha kabisa kuuza mikate hiyo, hapo sijilaumu, nikaanza kupika mandazi, na kazi ya kukanda unga imenimaliza, hata kwenda kwa chifu kujiandikisha kupiga kura nimeshindwa, kila siku nasema nitaenda kesho.

Basi jirani yetu Njambi akajifungua, na kama kawaida yetu tukapanga kwenda pamoja kumwona mtoto, huyu abebe uji, huyu kuni, huyu sukari, mimi nikaambiwa nilete kitu cha kuteremshia chai. Siku yenyewe mandazi yote yaliisha kwa wateja, unga hakuna, na mkate wa Wambua uko mezani. Nikaushika, nikautoa karatasi yake, nikaufunga kwa gazeti, lilikuwa gazeti lako, unisamehe, nikaenda. Huko kwa Njambi, Wangoi akachukua kisu akate vipande, akaugeuza mkate, na kengele ikawa inamtazama usoni.

"Mama Munyao, hii mkate umetoa wapi?"

Nikaanza kulikunja lile gazeti.

"Yaani huyu mtu anasema nyinyi si watu wa hapa, na wewe unatuletea yake tukule? Tena umeficha na gazeti! Unatuona sisi wajinga?"

Akaubeba akauweka nje ya mlango, na kuku wakaja. Njambi alikuwa amelala pale kitandani na mtoto, akageuza uso ukutani, na mimi nikatoka bila hata kumshika huyo mtoto. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Nikafikiri nikimweleza Wambua atanihurumia. Aliwaka moto. Aliniambia, "Kama mkate ni haramu, na kodi je? Si ni pesa ya hiyo hiyo kengele? Na si Wangoi anaikula? Ama mimi pia mniweke nje kwa mlango?" Tangu hapo kila Jumamosi anauweka mkate mezani, anakaa, ananitazama kama nitakula. Nikila nimewasaliti wenzangu, nisipokula nimemkataa mume wangu. Nile au nisile? Na kikundi, nitoke? Nijibu haraka, kesho kutwa ni Jumamosi tena.

Ni mimi Mukai, Mama Munyao,
Kawangware


MAMA LUSWETI ANAJIBU

Mukai, Jumamosi yako imeshapita, gazeti halikimbii hivyo. Na nimecheka, usiniombe nisicheke: umeuvua mkate nguo zote ukasahau kuugeuza.

Sasa tuongee. Kuacha kununua na kuuza mikate hiyo, umefanya sawa. Wapo watakaokuambia maoni ya mtu ni yake na mkate ni mkate. Mara nyingi ningekubaliana nao, maana tukianza kuchungulia kichwa cha kila tajiri kabla ya kununua chumvi na sabuni, tutalala njaa na tutanuka. Angesema anapenda mvua kuliko jua, ningekuambia kunywa chai yako. Lakini huyu ametaka wewe uondolewe kwenye hesabu ya watu, na watu walimpigia makofi kwa sababu ya ukubwa aliopata kwa mikate tuliyonunua. Una haki ya kusema yangu hupati tena.

Mkate wa Jumamosi ni jambo lingine. Huo hukuununua. Ni jasho la mume wako aliyesimama mbele ya moto wiki nzima, na ukiukataa mkurugenzi hatajua, atakayejua ni Wambua. Ule, mama, na umwambie asante. Halafu, mkiwa mmeshiba, mwulize pole pole yale maneno ya redioni yalimfanya ajisikieje, kwa sababu naye ni mpangaji, alitukanwa pamoja na wewe, na katika barua yako yote sijaona mtu aliyemwuliza. Nafikiri hasira yake inatoka hapo. Kazi asiiache.

Kosa lako ni kuinua mkono ukijua una jambo moyoni. Ungesema palepale, "Jamani, mume wangu ni mwokaji huko, nifanyeje?" wangekuwa na la kufikiri. Badala yake ukawafanya wakugundue. Nenda kwa Wangoi, peke yako, siku isiyo ya kodi, umwambie hivyo. Naye umpe haya kutoka kwangu: mama aliyetoka kujifungua haletewi ugomvi kitandani, na chakula hakitupiwi kuku mbele ya aliyekibeba. Hata hivyo usimchukie. Amekasirika kwa ajili ya kura isiyo yake, na majirani wa namna hiyo hawaokotwi.

Kisha mwulize kama kikundi kimewahi kumweleza mtu yeyote kiwandani kwa nini mmeacha. Nina hakika hapana. Basi wanadhani mmezoea mandazi! Tumeni wawili waende wakamwambie meneja wazi kwamba mkubwa wake ayafute maneno yake hadharani kama alivyoyasema, na mikate itarudi. Kikundi usitoke. Na kwa Njambi rudi na uji, ukamshike mtoto.

Lakini hayo yote yatasubiri, kwa sababu kuna jambo umelipitisha haraka katikati ya unga na mandazi ukidhani sitaliona. Umegombana na mwenye nyumba, umegombana na mume, umekosa kushika mtoto mchanga, kisa ni kura. Na kwa chifu hujaenda! Kesho usiwashe jiko. Funga kibanda, wateja wanywe maji, mchukue Wambua na ugombane naye njiani kama lazima, mkajiandikishe.

Maana huyo mkurugenzi unayemkasirikia hajakunyang'anya kitu, Mukai. Mpaka leo huna cha kunyang'anywa.