Polikarp Anaanika Fizi

Jovina, uko wapi? Shemeji yako Polikarp ametuaibisha mtaa mzima wa Izia!

Si fizi zinamvuja damu, jino la mbele linacheza? Daktari akamwambia apige mswaki, tena aote jua, mwili upate vitamini D, fizi zipate nguvu.

Basi asubuhi katoka na koti zito, kofia ya mzula, soksi mpaka magotini. Akakaa uani, akaachama mdomo kulielekea jua.

Anaanika fizi! Jovina, FIZI! Mwanamume mzima, kama dagaa wa Kasanga!

Mkewe Luciana akamwambia, "Baba Vitus, ngozi ndiyo inayotaka jua. Vua koti."

Akajibu, "Kwani ngozi ndiyo inayovuja damu?"

Luciana akaingia ndani, akamletea Polikarp mswaki wake mwenyewe.

Unajua kauliza nini?

"Huu wa nani?"