Guta la Umeme na Mteremko wa Muze

Jumatatu, 14 Julai

Baridi ya kukata masikio. Nimepakia sukari, sabuni na unga wa wateja wetu wa Muze kama kila Jumatatu. Ila leo nimeipeleka mwenyewe, kwa guta la umeme. Kaka Hamisi alilinunua mwezi uliopita kwa mbwembwe, watu wakamcheka, akaanza kulichukia. Mimi nalipenda. Matairi matatu, halipigi kelele, halinuki.

Kushuka bondeni nimefanya kama marehemu baba alivyotufundisha kwenye lori lake. Mteremkoni weka free, gia isishike, kanyaga breki, usichome mafuta bure. Breki zimenuka hadi nikaziba pua.

Muze salama. Kupanda salama, na magunia mawili ya mchele. Nikajiona nimeweza. Kumbe! Kilomita nane kabla ya mji betri ikasoma asilimia moja, guta likagoma. Upepo unanichapa. Nimelia, sifichi. Akatokea Mzee Masanja, mfugaji wa Kisukuma wa maeneo yale, na ng'ombe wake wawili wa kukokota. Mayu, yaani mama, akaniambia, nyamaza, hawa hawaulizi umeme.

Nimeingia Sumbawanga nikitazama makalio ya ng'ombe. Sokoni wamenipigia makofi.

Jumanne, 15 Julai

Kaka amekata shauri. Mnunuzi wa guta anakuja Ijumaa. Mimi narudi kukaa dukani.

Miaka sita nimekaa kwenye kile kiti. Anaingia mtu, anapapasa vitenge vyote, anauliza bei, anaondoka. Sirudi. Afadhali nikalime kijijini Mpui.

Chai nimeiacha mezani, nimetoka nje.

Ila kuna jambo. Jana njiani palikuwa na kimteremko. Mzee Masanja akafungua kamba ng'ombe wapumue, nikateremka mwenyewe. Nilichoka mno, nikasahau kuweka free. Betri ilikuwa moja. Chini ikasoma mbili. Labda macho yangu tu.

Jumatano, 16 Julai

Si macho!

Nimekwenda kwenye kilima nyuma ya mji, guta tupu, nimeshuka mara nne. Kwa free: namba haisogei, breki zinachemka. Bila free, nimeachia tu mkono wa mwendo: guta linajizuia lenyewe kama linavutwa shati kwa nyuma. Breki baridi. Mara ya nne namba imepanda moja. Nimeshuka tena kuhakikisha, wapita njia wakadhani nimerukwa na akili.

Nimewaza mpaka nikakumbuka dainamo ya baiskeli. Ukiibana kwenye tairi, taa inawaka na pedali zinakuwa nzito. Ndiyo hii hii. Mlima unasukuma tairi, tairi linazungusha mota, mota inageuka dainamo: inapunguza mwendo na kurudisha umeme kwenye betri. Mimi Jumatatu nimeteremka ukingo mzima wa bonde na mzigo wa nusu tani, umeme wote nimeugeuza harufu ya breki.

Baba, nisamehe. Ulifundisha vizuri, ila ulifundisha lori.

Nimemwomba kaka safari moja tu kabla ya Ijumaa. Amesema hataki aibu ya pili. Mama akadakia toka jikoni: mwache aende, ng'ombe si wapo? Tumecheka wote, hata kaka. Kisha akasema nenda, lakini likikwama usinipigie simu.

Alhamisi, 17 Julai

Nitaandika haraka.

Mzigo ule ule. Ukingoni betri sabini. Nikasema bismillahi, nikaachia mkono. Free sijaigusa. Guta linashuka kwa adabu, breki nakanyaga konani tu. Sabini na moja. Sabini na nne. Ziwa Rukwa linameta kule chini na mimi natazama namba! Mwisho wa mteremko themanini na moja. Nimepiga vigelegele peke yangu, nyani wakakimbia.

Kupanda kumenikondesha. Namba zinaporomoka, moyo nao. Juu kabisa ishirini na tatu. Jumatatu pale pale ilikuwa kumi na mbili. Nikaenda polepole, kila kimteremko nakikusanya. Kumi na tano. Kumi na tatu. Pale nilipokwama, Mzee Masanja alikuwa malishoni, akanyanyua fimbo na kuanza kuja na kamba. Nikampungia mkono nikapita. Shikamoo nimeipiga kwa kelele, nadhani ameisikia.

Nimefika dukani na asilimia tatu. Tatu! Kaka alikuwa mlangoni. Ametazama namba, ametazama barabara nyuma yangu kama anatafuta ng'ombe. Natabasamu mpaka meno yanauma kwa baridi.

Ijumaa, 18 Julai

Mnunuzi amekuja asubuhi. Kaka amemkaribisha chai, wakaongea habari za mvua na mahindi, mgeni akaondoka kama alivyokuja, bila guta.

Baada ya swala kaka akanifuata uani, nikiosha guta. Akaniuliza Jumatatu nitabeba magunia mangapi ya unga. Nikasema matano. Akasema weka sita. Nikamwambia hapana, kabla ya ukingo kuna vilima vya kupanda. Akafikiri kidogo, akasema haya, dereva, matano. Kisha akashika kitambaa, akafuta upande wa pili.