Mwili wa Gitaa

Jumatano.

Yeyote utakayesoma haya, nakusihi usimwambie mtu hata neno moja, hasa Abti, mjomba wangu ninayekaa kwake hapa Waberi; naye huniita abti vilevile. Kwake gitaa ni haramu.

Shingo na nyuzi nilishazificha. Leo mwili wa gitaa umefika kwa basi. Nilikuwa nimeulaza kifudifudi, napiga msasa upande wa nyuma usio na matundu, Abti akaingia.

"Mashallah! Karani amekuwa fundi. Hii ni loho ya duksi?"

Watoto wa duksi huandika aya za Kurani kwenye mbao kama hiyo. Nikaendelea kupiga msasa.

"Lakini kubwa sana, abti. Unataka ngamia pia asome?" Akacheka, akaniwekea mkono kichwani na kuniombea dua.

Jioni ameshamwahidi maalimu wa duksi kwamba Ijumaa nitampelekea hiyo loho. Ile dua ndiyo inayonikosesha usingizi.

Kesho baada ya alfajiri nitamwambia ukweli. Naogopa. Anaweza kuni...

Ukisikia nimefukuzwa, usinitafute nyumbani. Njoo ofisini, dirisha la mwisho. Ngoja foleni iishe, kisha niite kwa sauti ya chini. Gitaa litakuwa chini ya meza yangu.