Paka wa Shangazi Mwanahawa

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Huku Mlali tu wazima, na dada yako amejifungua salama. Umeuliza ufanyeje, maana paka wako mpya hatoki uvunguni.

Zamani za Mjerumani, askari walichukua mahindi yetu. Tulibakiwa na mbegu tu, nazo panya wakazianza. Shangazi yangu Mwanahawa akaleta paka kutoka mjini. Paka akajificha uvunguni siku mbili, nami nikataka kumvuta.

"Mwache," alisema shangazi. "Bado hajatuzoea."

Akaketi karibu, amempa mgongo, akisuka ukili. Siku ya tatu paka alitoka, akalala juu ya mguu wake. Shangazi, mkali kuliko wote nyumbani, hakuusogeza mpaka alasiri, ingawa ulikufa ganzi.

Mbegu zilipona, lakini mimi naukumbuka ule mguu.

Bibi yako akupendaye