Neno la Kifungo cha Nne

Mutisya, rafiki yangu,

Kosa ambalo karibu kila mtu hulifanya akiletewa dashibodi ya gari la zamani ni kuisafisha kwanza. Anaona vumbi, anaona mafuta ya vidole vya miaka mingi, anachukua kitambaa. Ulilisema kosa hili mbele ya kila mteja, na mbele yangu mara nyingi zaidi, kwa sababu ulijua nimefundisha uchoraji wa rula maisha yangu yote na kwamba uchafu hunikera. Basi afadhali ulisikie kutoka kwangu. Wiki moja baada ya kukuzika niliingia chumba chetu cha kazi pale Mbotela, nikaliona bamba la dashibodi ya mteja wako Mzee Kamau mezani pako likiwa na vumbi, nikalipangusa kwa mafuta ya taa. Lote. Nilitaka tu meza yako iwe safi.

Kitambaa kilitoka na chembe nyeupe. Nikakaa chini.

Unalikumbuka bamba lenyewe, lile jeusi lenye vifungo vinne kwa mstari. Tuliambiwa chini ya kila kifungo kiwandani waliandika neno dogo jeupe la Kiingereza: la taa, la waipa, la choki ya kuwashia injini, na la nne ambalo hakuna mtu aliyelikumbuka. Nilifungua mtoto wa meza nikapata karatasi yako ya kunakilia. Maneno matatu ulikuwa umeyachora kwa penseli, herufi kwa herufi, na vipimo pembeni. Chini ya kifungo cha nne palikuwa na kiduara kidogo tu, basi. Nikajua hukupata muda wa kufika hapo. Nikajua pia kwamba kile ulichokuwa hujakifikia, mimi nimekifuta.

Sikumwambia mtu. Mama Ndinda alinikuta nimeshika ile karatasi, akaniuliza kama kazi ya Mzee Kamau ya kurudisha maneno itawezekana. Nikamwambia tutaona. Unamjua mke wako, hapendi jibu la namna hiyo. Akasema, "Mwalimu, kama hii moja itakushinda, tukifunge hiki chumba. Sitaki watu waseme Mutisya aliacha kazi mbovu." Akanipa hadi mwisho wa mwezi. Sikumlaumu. Tangu uondoke mimi huja, nafungua, nakaa, nafunga.

Nilianza na maneno matatu. Nilitaka kujua kwa nini uliichora ile H ya LIGHTS, neno la taa, na kijiti chake cha kati kimepanda juu kidogo. Kwa rula yangu si sawa. Nilikirudisha katikati, nikaipeleka kwa binti mmoja wa kuchapisha stika kule Tassia, akaitoa safi kabisa. Nikaibandika kwenye kipande cha bati jeusi, nikarudi nyuma hatua tatu. Mutisya, ile H ilikuwa imelegea! Ilionekana kama mtu aliyevaa suruali chini ya kiuno. Nilicheka peke yangu chumbani, kisha nikasikia sauti yako: "Mwalimu, wewe unasahihisha gari kama daftari la mtoto. Sasa umeipa ngapi kwa kumi?"

Hapo ndipo udadisi uliponirudia, kwa mara ya kwanza tangu msiba. Kwa nini kijiti kilicho katikati kabisa kionekane kiko chini? Nilichora H kumi na mbili kwa urefu tofauti, nikazipima kwa jicho badala ya rula. Jicho huona nusu ya juu ni kubwa kuliko ilivyo, kwa hiyo aliyezichora herufi zile kiwandani alikipandisha kijiti ili jicho litulie. Wewe hukuwahi kunieleza hivyo. Ulisema tu, "Iache kama walivyoiacha." Baba yako alichonga vinyago, nawe ulijifunza kuona kabla ya kujifunza kupima. Mimi ilibidi nifike umri huu.

Nikarudi Tassia. Binti alinitazama kwa huruma, kama mjukuu amtazamavyo babu. "Guka, si hizi zinafanana tu? Nani ataangalia hiyo kitu?" Nikamweleza habari za jicho na nusu ya juu. Nikamweleza pia kwamba nyeupe ya kiwandani haikuwa nyeupe ya karatasi, ilikuwa na umanjano kidogo, na kwamba pembe za herufi hazikuwa kali kwa sababu rangi ilipitishwa kwenye kitambaa chembamba, ikatanuka kidogo kabla ya kukauka. Alinisikiliza hadi mwisho, akasema, "Guka, wewe ungekuwa ticha wangu ningepasi." Kisha akazilainisha zile pembe mwenyewe, moja moja. Nadhani ungempenda.

Likabaki neno la nne.

Mzee Kamau alisema ni hita. Alisema hivyo bila shaka hata kidogo, mkono kifuani. Alilinunua gari lile kutoka kwa mwenye nalo wa kwanza, akaliendesha hadi alipostaafu udereva, na kila Julai mkewe alipolalamika baridi alimwambia, "Hita iko, ni vile tu imeharibika." Mkewe naye akanishika kando akasema ni redio. Mdogo wake Kamau akasema ni taa za ukungu. Watu watatu, maneno matatu, na ningeweza kuchapisha lolote kati ya hayo likakaa vizuri. Hakuna ambaye angejua. Lakini gari lingekuwa linasema jambo ambalo mimi ndiye niliyelitunga, na kila mtu angesema Mutisya ndiye aliyeliandika.

Ndipo nikakumbuka pumzi. Ulinionyesha mara moja tu, alipokuja bwana mmoja wa Makongeni aliyeleta saa ya mwendo iliyofutika. Uliipulizia polepole kama mtu anayepasha mikono joto, na kwa sekunde mbili namba zikatokea ndani ya ule ukungu, kisha zikapotea. Ulisema mahali rangi ilipokaa miaka mingi hapafanani tena na pembeni, hata rangi ikiondoka.

Nilijaribu mchana. Paa la mabati lilikuwa limechemka, bamba lilikuwa na joto, na pumzi yangu haikushika popote. Nilipuliza hadi kizunguzungu. Nikaamini nimeua kila kitu. Nilifunga chumba mapema siku hiyo, na njiani nilikuwa natunga maneno ya kumwambia Mama Ndinda.

Kesho yake nikawaza kama mwalimu. Ukungu hautui juu ya kitu chenye joto. Nikaja saa moja asubuhi, kabla jua halijapanda, nikashika bamba kwa ncha za vidole nisilipashe. Nikapuliza chini ya kifungo cha kwanza. Neno la taa likaja, hafifu, na ile H yake kijiti juu. La waipa likaja. La choki likaja. Nikahamia kifungo cha nne, nikapuliza, ukungu ukatanda sawasawa na kuondoka sawasawa. Nikapuliza tena. Mara saba, Mutisya. Hapakuwa na kitu.

Kitambaa changu kilipita juu ya yote manne kwa nguvu ileile. Kama matatu bado yanaitika, la nne lilikwenda wapi? Nikawasha tochi nikailaza ubavuni mwa bamba. Kwenye yale matatu weusi ulikuwa umekolea kidogo palipokuwa na herufi, maana jua halikupafikia. Kwenye la nne rangi ilikuwa moja tu. Nikachukua bisibisi, nikakitoa kifungo chenyewe. Hakikuwa kifungo. Kilikuwa kizibo, kimefanywa kifanane na wenzake. Kingo za tundu nyuma yake zilikuwa na rangi ya kiwandani bila mkwaruzo hata mmoja. Haukuwahi kupita waya pale wala kebo. Hapo palikuwa pa kifaa ambacho mnunuzi wa kwanza hakukiagiza, kwa hiyo kiwanda hakikuandika neno.

Nikaitazama tena karatasi yako, kile kiduara. Hukukatizwa. Ulikuwa umefika kwenye kifungo cha nne, ukapuliza, ukaona hakuna kitu, ukachora kilichokuwepo: sufuri. Kazi uliimaliza. Mimi ndiye niliyedhani umeondoka nusu njia. Nililia kidogo, sitakuficha, kisha nikapika chai.

Stika nilizibandika Jumanne kwa maji, tatu tu, na pa nne nikapaacha. Mzee Kamau alipokuja alitazama yale matatu, akapitisha kidole hewani juu yake bila kugusa. Nikamweleza habari za kizibo. Akashika kichwa. "Kumbe miaka yote nimemdanganya mama wa watu! Hita imeharibika, hita imeharibika!" Akacheka hadi akakohoa. Kisha akaniomba nisimwambie mkewe. Nimekubali, kwa hiyo hili libaki kati yetu.

Mama Ndinda alikuja jana, akalitazama bamba na karatasi yako kwa zamu. Nilimwambia yote, hata habari ya kitambaa. Alisema tu, "Kumbe alimaliza." Kesho anasafiri nyumbani kwenu kujengea kaburi, naye amekubali kukusomea barua hii hapo.

Basi, pumzika, Mutisya. Nakuahidi jambo moja ninaloliweza: kila bamba litakalopita mikononi mwangu nitaliuliza mwenyewe lilikuwa linasema nini, na likinyamaza nitaliacha linyamaze. Binti wa Tassia ameomba kuja Jumamosi aone jinsi pumzi inavyofanya kazi. Nimemwambia aje mapema.

Na wewe, Mama Ndinda, najua utaisoma barua hii kwanza mwenyewe: kabla hujafunga mzigo wa safari, pita leo kwa mwenye chumba umwambie hatuhami.