Nafasi Kando ya Mama

Athi River, Jumatano

Kaka Kioko,

Mutheu wangu amekufa. Naandika hivyo kwanza kwa sababu jana nilikupigia simu, ukasema halo, halo, nami nikalia tu nikakata. Kifua kilimshika Jumamosi. Jumatatu asubuhi daktari akaniita kando.

Sasa nikusalimie. Mko aje huko Ndithini? Goti la mke wako limepoa? Mimi niko, lakini ni kama siko.

Watu wa ofisi yake wamejaa hapa kwangu, wamekalia magunia yangu ya mahindi, wanasema hawajui watampata wapi mwingine. Nimewaambia wasijisumbue, hakuna. Nani mwingine alizaliwa na muuza mahindi, akaenda kufundisha kompyuta logi, ile hesabu ya jedwali?

Unakumbuka kale kakompyuta alikoweka kwa kisima cha bwawa letu la mchanga, kapime maji kila sekunde. Kiangazi kilikuwa kimekaza, akina mama wanachimba mchanga mpaka kiunoni wakitafuta maji, na kompyuta inasema maji hayajapungua hata tone. Watu walicheka. Wewe ulicheka kuwashinda. Mutheu hakukasirika, alisema kosa ni lake mwenyewe. Alikuja hapa sokoni akaweka gunia zima kwa mizani yangu, akaongeza punje moja juu. Mshale haukusonga.

“Mama, hivi ndivyo nimekosea,” akaniambia. “Kile kinachopungua kwa sekunde moja ni kidogo sana. Nikikijumlisha na moja kwanza, kompyuta inaona ile moja tu, na logi ya moja ni sifuri.”

Hiyo ya sifuri hata mimi niliyeachia shule fomu tuu naijua. Kumbe ile lugha anayoandikia kompyuta iko na njia nyingine ya kutafuta hiyo logi: unaipatia hicho kidogo chenyewe, bila kukijumlisha na moja, na hakipotei. Alibadilisha mstari mmoja pekee. Kompyuta ikasema ukweli, mkaacha kunyweshea mboga, na maji yakawafikisha hadi mvua. Sijisifu, kaka. Ni vile ilikuwa.

Alipokuja huko kurekebisha, ulitoa simu yako mbele ya watu ukaandika moja, nukta, sifuri nyingi, na kamoja huko mwisho. Ukatafuta logi, ikaleta sifuri. Ukamwambia nyinyi wa zamani mlisoma logi kwa jedwali, na sifuri ni sifuri.

“Si sifuri, mjomba,” akakujibu. “Ni kidogo, lakini kiko.”

Ulicheka ukasema anabishana kama marehemu mama yetu. Halafu ukamwita mwaitu, mama, vile mtu aliyebeba jina la mama yako anafaa kuitwa. Ilikuwa mara ya kwanza. Miaka hiyo yote ulikuwa unasema mtoto niliyemzaa bila kuolewa aende akaulize nafasi kwa babake. Alinipigia simu jioni hiyo, na hakuongea juu ya kompyuta hata kidogo. Aliniambia tu, “Mjomba ameniita mwaitu.”

Babake hajulikani aliko, na wewe unajua. Watu wa ofisi wanasema tununue mahali kwa makaburi ya hapa mjini. Nimekataa. Siku yangu ikifika mniweke popote, hata kando ya barabara. Lakini huyu mchimbie kando ya mama, pale upande wa jikoni, palipobaki wazi. Najua wazee watakuambia ukoo ni mkubwa na yeye ni mtoto wa msichana asiyeolewa tu. Usimpime pamoja na ukoo, kaka. Mpime peke yake.

Nisalimie mke wako na wale mapacha. Shangazi mzee mwambie polepole, akiwa ameketi, na mtu amshike mkono. Wamama wa soko wanakuja, watu wa ofisi pia, na kwaya ya kanisa. Wekeni maji ya kutosha.

Ni mimi dada yako, na bado naitwa Mama Mutheu. Tunamleta nyumbani Jumamosi.